Kinyongo Hakinyanyui Chumba

Nyumba nyingi huota kutoka chini. Unachimba msingi, unapanga tofali juu ya tofali, mvua inakukuta, fundi anapotea na saruji yako, na siku unahamia watoto wameshaota ndevu. Lakini ziko nyumba nyingine ambazo hushuka kutoka juu, na hizo ndizo Mama Mikono alizozijua. Chumba kinakuja mgongoni mwa lori kikiwa kimekamilika: kitanda kimefungwa ukutani, kioo kipo juu ya sinki, balbu iko darini, hata ndoano ya kutundikia shati imo. Kinanyanyuliwa kwa minyororo, kinapita hewani kama bibi harusi aliyebebwa, kinatua juu ya miguu yake ya chuma, kinashikanishwa na wenzake. Asubuhi mahali ni mawe na vumbi tu. Jioni ni mtaa wenye taa.

Ni kazi nzuri kuitazama. Mtu asiyewahi kuiona aende akaione, hata kama ni mbali, na daima ni mbali, kwa sababu kambi hizi ni za wachimbaji, na madini hayapendi kukaa karibu na watu.

Kreni yenyewe iliendeshwa na mumewe, ambaye kwa shingo aliyojaliwa na kwa kushinda juu kutwa nzima watu walimwita Twiga. Kazi ya Mama Mikono ilikuwa kusimama chini, mahali ambapo Twiga anamwona, amtazamie upande ule uliozibwa na chumba chenyewe, na kumwongoza kwa mikono. Kidole kikizunguka juu: pandisha. Kidole kikielekea chini: shusha. Ngumi: simama. Viganja viwili vikifumbatana mbele ya tumbo: funga kila kitu, asiguse mtu chochote. Na kila ishara ilijibiwa na honi fupi kutoka juu. Pii. Maana yake, nimekuona. Wafanyakazi wenzao walizoea kusema kwamba hao wawili wameoana mara mbili, mara ya kwanza kwa mdomo na mara ya pili kwa mikono, na ile ya pili ndiyo imeshika.

Asubuhi hiyo ile ya mdomo ilikuwa imekatika.

Aliyeikata ni Fundi Gundi, na wala hakukusudia. Huyu ndiye aliyekuwa akiziba maungio kati ya chumba na chumba, kwa mpira na gundi, na ulimi wake nao haukuwa na kizibo. Walikuwa wanakunywa chai wima, vikombe vya bati mkononi, akasema, “Shemeji, nimefurahi kweli. Nasikia na kambi ijayo tuko wote. Twiga kashaandikisha majina yenu yote mawili.”

Mama Mikono akashusha kikombe. Kwa miezi kadhaa alikuwa akimwambia mumewe jambo moja tu: kambi hii ikisimama, narudi nyumbani. Binti yao wa pekee alikuwa na mimba ya kwanza, miguu imemvimba, na kila akipiga simu alimaliza kwa kusema, “Mama, utakuwepo?” Na kila mara Mama Mikono alijibu nitakuwepo. Twiga alikuwa anasikiliza simu hizo akiwa kalala ubavuni pake. Alikuwa anaitikia kwa kichwa.

“Ni kweli?” akamwuliza Twiga, aliyekuwa kando yake na kikombe chake.

“Tutaongea jioni, mama watoto.”

“Jioni utaongea na nani?”

Akamwaga chai iliyobaki, akavaa glavu zake za njano, akaenda. Moyoni alikuwa ameshakata shauri: basi litakaloleta wachimbaji jioni ndilo litakalomrudisha yeye kesho, peke yake, na Twiga atafute mikono mingine. Na kama atapata mikono mingine, basi atafute na mke mwingine wa kumwandikisha bila kumwuliza.

Sasa, nyapara wa kikosi hicho alikuwa na sheria yake. Zamani, kabla hajawa nyapara, aliwahi kuona mguu wa mtu ukibanwa kwa sababu watu wawili walionuniana hawakuambiana neno moja dogo. Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya mnyororo wa kwanza kufungwa, aliwapanga watu wake na kuuliza, “Nani ana kinyongo na nani?” Mwenye kinyongo alipewa ufagio, akashinda chini anafagia mpaka roho yake ipoe. Maneno yake yalikuwa hayohayo siku zote: “Kinyongo hakinyanyui chumba.”

“Mimi ninacho,” Fundi Gundi akasema asubuhi hiyo. “Na mama mkwe.”

“Mama mkwe yuko kwenye kreni?”

“Hayupo, ila ningependa awe kwenye ndoano.”

“Kafanye kazi. Mama Mikono?”

Hapo ndipo angesema. Lakini aliangalia ng'ambo, zilikokuwa hema za wachimbaji. Upepo ulikuwa umezichana juzi, vitambaa vinapepea kama nguo za mwendawazimu. Watu wa zamu ya usiku walikuwa wamelala chini ya malori, kofia usoni, midomo wazi, vumbi likiwaingia. Leo jioni waliokuwa likizo wangerudi kwa mabasi, na wote hao waliahidiwa vitanda. Yeye akichukua ufagio, kreni inasimama.

“Sina,” akasema.

“Twiga?”

“Mimi? Na huyu?” Twiga akacheka kicheko kikavu. “Huyu si ni asali.”

Asali ikamkata jicho, ikaenda kusimama mahali pake.

Kazi ikaanza. Kwa mtu wa mbali hakuna kilichoharibika. Chumba cha kwanza kilipanda, kikapita, kikashuka juu ya miguu yake, na watu wa kamba wakakivuta mpaka tundu likatazamana na tundu. Boliti zikaingia. Bomba la maji likachomekwa kwenye bomba, waya kwenye waya. Cha pili kikafuata, na cha tatu. Mama Mikono hakuwahi kuchoka kuona jinsi kuta mbili zilizotengenezwa kiwandani, mbali huko, na watu ambao hawatafika hapa abadani, zinavyokutana kama mfuniko na sufuria yake.

Ila honi haikulia. Alizungusha kidole, chumba kikapanda, kimya. Alikunja ngumi, kikasimama, kimya. Twiga alikuwa anatii kila kitu na hajibu chochote. Naye Mama Mikono, badala ya kuinua macho amtazame usoni kama siku zote, alitazama chumba tu, kama vile kule juu hakuna mtu.

Mnaweza kufanya kazi hivyo kwa muda, kama vile mnavyoweza kula chakula kisicho na chumvi. Halafu kikaja chumba cha pembeni.

Vyumba husafiri vimefungwa nailoni nyeupe, na ukikitazama kwa mbali hujui mbele wala nyuma isipokuwa kwa mshale uliochorwa kwenye pembe. Mama Mikono akatoa ishara ya kukizungusha. Kikazunguka. Akakunja ngumi. Kikasimama, lakini pii haikuja, na vumbi lilikuwa limepita kati yao, akadhani hakuonekana, kwamba chumba kimejisimamia tu kabla hakijamaliza kugeuka. Akatoa tena ishara ya kuzungusha. Twiga, aliyekuwa ameiona ngumi vizuri sana, akasema moyoni haya, kama unataka nizungushe nazungusha, akazungusha. Mke hakwenda kuutazama mshale. Mume hakuuliza. Wakakishusha kwa ustadi wote, hakuna hata kishindo.

Fundi Gundi akachana nailoni, akasimama, akajikuna. Mlango ulikuwa unatazama mtaro wa maji machafu. Upande wa varanda kulikuwa na ukuta mtupu.

“Mpangaji wa humu,” akasema, “akiamka na usingizi wake, anaoga kabla hajafika bafuni.”

Watu wakacheka. Nyapara hakucheka. Akaingia ndani ya chumba, akatoka na bilauri.

Hiyo bilauri ilikuwa mchezo wa Fundi Gundi. Kila chumba kabla hakijanyanyuliwa aliweka bilauri ya maji juu ya sinki, imejaa mpaka ukingoni. Chumba kikishatua, anakwenda kuitazama. Kwa Twiga na Mama Mikono maji yalikuwa hayamwagiki, na sifa hiyo ilikuwa imetangulia mbele yao kambi hadi kambi. Sasa, kwa kule kuzungushwa na kusimamishwa ovyo, ilikuwa nusu.

“Hii si kawaida yenu,” nyapara akasema.

“Jua,” Mama Mikono akajibu.

“Jua la saa hizi halijapata hata nguvu ya kukausha shati.” Akamtazama, kisha akatazama juu kwenye kibanda cha kreni, ambako Twiga alikuwa ghafla anafuta kioo kisichokuwa na uchafu. “Kigeuzeni. Halafu tuna ukumbi. Ukumbi sitaki mchezo.”

Chumba kikageuzwa, vya mwisho vikapangwa, na jua lilipoanza kuinama ukabaki ukumbi wa kulia. Huo ulikuja kwa vipande viwili virefu, kila kipande na nusu ya dari, nusu ya sakafu, nusu ya jiko, na upande mmoja umeachwa wazi. Kipande cha kwanza kikakaa. Cha pili lazima kitue kando yake taratibu, mdomo kwa mdomo, mpaka ufa katikati usipitishe hata mchwa. Ndiyo maana Fundi Gundi husimama ndani ya kile cha kwanza, ukingoni kabisa, na ukanda wake wa mpira, akingoja.

Kipande kikanyanyuka. Na upepo, uliokuwa umelala mchana kutwa, ukachagua wakati huo kuamka. Ukakishika kile kipande ubavuni kama tanga. Watu wa kamba wakajitupa nyuma, visigino vikachimba chini. Mama Mikono akakunja ngumi. Kipande kikasimama, kikayumba, vumbi likafunika kibanda cha Twiga, na kwa muda hakuona kitu ila wingu jekundu.

Hakuniona? Ameniona?

Kimya.

Miaka yote hiyo hakuwahi kuogopa kreni. Sasa aliogopa, na hakuogopa upepo. Aliogopa kile kimya. Mbele yake alimwona Fundi Gundi, mtu wa maneno mengi na mke mmoja na mama mkwe, amesimama ukingoni akisubiri ukuta uje. Akajua kwamba mguu ule ambao nyapara aliwahi kuuona ulibanwa siku kama hii, na watu kama hawa, wala hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu waliosema “sina.”

Vumbi lilipopungua kidogo akarudisha mkono nyuma: rudisha. Akaelekeza chini: shusha, polepole. Kipande kikarudi juu ya lori lake, kikakaa. Ndipo akafumbata viganja mbele ya tumbo, akavishika hivyo mpaka vumbi lote lilipopita na kila mtu akaona. Funga kila kitu.

“Kuna nini?” nyapara akauliza.

“Ulituuliza asubuhi,” Mama Mikono akasema. “Nilikudanganya. Ninacho.”

Akavua kofia ngumu, akakumbuka kwamba kofia haivuliwi kazini, akaivaa tena, akapanda ngazi ya kreni.

Kibanda cha kreni ni cha mtu mmoja. Alisimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, ameshika chuma. Twiga alikuwa bado ameshika mitambo kama mtu aliyeshika hatamu za ng'ombe mkali.

“Umeniona nilipokunja ngumi?”

“Nimekuona.”

“Mbona hukujibu?”

Twiga akakaza macho kwenye kioo. Kisha akasema, “Kwani na wewe umenitazama leo?”

“Baba watoto, usinigeuzie. Kwa nini umeniandikisha?”

“Nilitaka nikuulize.”

“Ukashindwa nini? Mdomo unao.”

“Niliogopa ungesema hapana.”

“Basi jibu ulikuwa nalo.”

Hilo likampata. Akaachia mitambo, akafuta viganja kwenye suruali. Chini, kikosi kizima kilikuwa kimekaa juu ya mawe, shingo juu.

“Sikiliza,” akasema, safari hii polepole. “Mimi huku juu nakaa na kioo tu. Chumba kikipanda, sioni kitu. Nashusha ukuta mahali penye watu, na sioni. Nimezoea kuona kwa mikono yako. Wakinipa mtu mwingine chini, sitanyanyua hata ndoo. Ndiyo nikasema, nikiandika majina yote mawili, labda utakasirika kidogo halafu utakuja.”

“Kidogo.”

“Nimekosea kipimo.”

Hakucheka, ingawa mdomo ulitaka. “Unajua nimewalaza watu wangapi?” akasema. “Kila nikiona taa zimewaka, najua kuna mwanamume amelala kitandani pakavu kwa sababu mimi nilisimama juani. Naipenda kazi hii kuliko wewe unavyoipenda. Lakini mwanangu nimemlea kwa simu. Alipoota jino nilikuwa kambini. Alipoolewa nilifika na buti. Sasa ananiuliza utakuwepo, na wewe unasikia, unaitikia kwa kichwa kama mjusi, halafu unaniandikisha.”

Twiga akatazama chini ya miguu yake, kule mbali, kwenye malori na watu waliolala chini yake.

“Mimi pia hunipigia,” akasema. “Huniuliza, baba, mama atakuwepo? Kama mimi nitakuwepo, haniulizi.”

Mama Mikono hakuwa amelijua hilo. Upepo ukapiga kibanda, wakatingishika wote wawili.

“Hakuulizi kwa sababu alishajua jibu,” akamwambia, lakini kwa sauti nyingine. “Kama wewe ulivyojua langu. Mnafanana nyinyi.”

“Basi ngoja nikuulize sasa. Tukimaliza hapa, twende wapi?”

“Hilo utaliuliza ukiwa chini, umesimama kwa miguu yako, na nyapara anasikia. Sasa hivi kuna ukumbi. Na uikumbuke hiyo honi.”

Akashuka. Watu wakajifanya wanakagua boliti, Fundi Gundi akijaza upya bilauri ya kile kipande.

Upepo ulipungua kidogo jua lilipozidi kuinama. Mama Mikono akarudi mahali pake, akainua uso, na safari hii akamtazama yule mtu kule juu, shingo yake ndefu ikiwa imechomoza mbele ya kioo. Akazungusha kidole.

Pii.

Kila mtu pale aliisikia kama mtu anavyosikia mvua juu ya bati. Kipande kikapanda. Pii. Kikaja upande huu. Pii. Upepo ukajaribu tena, naye akakunja ngumi, pii, wakaungoja upite kama mnavyomngoja mgeni msumbufu aage, kisha akaelekeza kidole chini na kukichezesha kwa ncha tu, kidogo, kidogo, kama anayemlaza mtoto. Ukumbi wote ule, na jiko lake na madirisha yake, ulikuwa unashuka kwa ncha ya kidole cha mwanamke mfupi mwenye glavu za njano. Nyapara alikuwa ameona kambi nyingi kuliko nywele alizobakiza, na hata yeye alibana pumzi. Sakafu ikakutana na sakafu. Dari ikakutana na dari. Mpira wa Fundi Gundi ukalia fiii, ukabanwa sawasawa toka mwanzo hadi mwisho, na mchwa wa pande hizo wakakosa njia.

Fundi Gundi akatoka ndani na bilauri. Aliibeba kwa mikono miwili, anatembea kama aliyebeba yai, akaja mpaka mbele ya Mama Mikono. Maji yalikuwa yamevimba juu ya ukingo, hayajamwagika hata tone.

“Shemeji,” akasema, “kunywa. Na mjue, mlipokuwa kule juu tulikuwa tunawasoma. Mikono yako haijui kunyamaza hata ukigombana. Mwanzo ulisema pandisha, pandisha, pandisha. Huyu bwana wa kamba akasema, hapo anapandishwa kizimbani. Halafu ukasema rudisha nyuma. Halafu Twiga akatoa mikono yote kwenye mitambo, tukasema basi, mzigo umetua.”

“Nyinyi hamna kazi.”

“Ulitufungia kazi wewe mwenyewe.”

Mabasi yakafika jua likiwa limebakiza utosi. Wachimbaji wakashuka na mabegi, wale waliokuwa chini ya malori wakaamka, na wote wakasimama kwanza, hawaingii, wanatazama. Mara ya mwisho walipaona pakiwa mawe. Mmoja wao, mtu mzima mwenye vumbi la mwamba ndani ya makunyanzi, akafungua mlango wa kwanza, akawasha taa, akaizima, akaiwasha. Akaweka kiganja ukutani. Akafungua bomba na kuyatazama maji yakitoka. Kisha akakaa kitandani na buti zake, akavua moja, akasahau kuvua la pili. Mama Mikono alipopita mlangoni alikuwa ameshalala hivyohivyo, mguu mmoja umevaa. Akamvutia mlango taratibu.

Nyapara aliwaita wote wawili ukumbini.

“Sheria ni sheria,” akasema. “Mmefanya kazi kutwa na kinyongo, na mmenidanganya mbele ya watu. Chumba kimoja mmekipa mgongo. Mngeweza kumbana mtu. Ufagio ungewatosha asubuhi, sasa hautoshi. Leo vyombo vya ukumbi mzima ni vyenu, na kesho hamgusi kreni.” Akageuka, kisha akageuka tena. “Halafu ile kambi ijayo, majina yenu...”

“Lifute langu,” Twiga akasema. “La mke wangu mwulize mwenyewe. Mimi sikumwuliza.”

Nyapara akamtazama Mama Mikono.

“Futa,” akasema.

“Mnaniua.”

“Tunakwenda kupokea mzigo mwingine,” Mama Mikono akasema. “Mdogo. Tukishaupokea na ukakaza shingo, utatuita, na sisi tutaona kama tutaitika.”

Nyapara akaenda zake akinung'unika kwamba wajukuu huzaliwa bila kujali kazi za watu. Wao wakabaki kwenye sinki jipya, katikati ya ule ukumbi, miguu yao juu ya ule mstari ambapo vipande viwili vilikutana. Mama Mikono akautafuta kwa kidole cha mguu. Haukuonekana, na hata kwa kuupapasa ilibidi ujue ulipo. Nyuma yao watu walikuwa wanakula na kuongea kwa sauti kubwa, kama wanavyofanya watu waliopata paa.

Twiga alikuwa anasugua sufuria kubwa. “Haya,” akasema bila kugeuka. “Nimesimama kwa miguu yangu. Nyapara kasikia. Twende wapi?”

Mikono ya mkewe ilikuwa na povu mpaka kwenye viwiko. Akainua mmoja, akanyoosha kidole kupita dirishani, kupita mabasi, upande ule kulikokuwa nyumbani.

Twiga akaugeukia, akautazama mkono huo kwa makini, kama kwamba yuko juu na chumba kinaning'inia. Kisha, kwa kuwa hapakuwa na honi karibu, akaifanya kwa mdomo.

“Pii.”